Mansuri si Mshindi: Uhakiki wa Tafsiri ya Jina Moja

Muhula uliopita nilikwenda Batsinda kumtazama mmoja wa wanafunzi wetu wa ualimu akifundisha. Kwa wasomaji wasioijua Kigali, Batsinda ni mtaa ulio katika sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo. Wengi waliusikia kwa mara ya kwanza miaka ya 2007 na 2008, wakati familia za Kiyovu y'abakene, yaani Kiyovu ya maskini, zilipohamishwa kutoka karibu na katikati ya jiji na kupewa nyumba huko. Nilikaa nyuma ya darasa, fomu ya tathmini mapajani, kama ilivyo desturi yetu.

Somo lilikuwa "Majina yetu na maana zake". Ni somo zuri kwa darasa la Kiswahili nchini Rwanda, kwa sababu majina ya Kinyarwanda karibu yote yana maana iliyo wazi kwa mwenye lugha, na mengi ni sentensi kamili. Harerimana ni "Mungu ndiye anayelea". Habimana ni "Mungu yupo". Nsengimana ni "namwomba Mungu". Mwanafunzi anapoambiwa alieleze jina lake kwa Kiswahili, analazimika kutafuta kitenzi, nafsi na wakati, na hapo anajifunza sarufi bila kujua kwamba anajifunza sarufi. Mwalimu wetu alikuwa ameandaa karatasi kubwa ya ukutani, na kila mtoto akaja mbele kuandika jina na maana. Akaja mmoja akaandika: Mutsinzi, mshindi. Sawasawa. Akaja mwingine akaandika: Mansuri. Akasita. Mwalimu akamwokoa: "Mansuri ni jina la Kiarabu, maana yake mshindi. Basi wewe na Mutsinzi ni ndugu, na wote mko nyumbani, maana Batsinda ni mahali pa wanaoshinda." Darasa zima likacheka kwa furaha, na kweli lilikuwa jambo la kufurahisha. Kitenzi gutsinda cha Kinyarwanda na kushinda cha Kiswahili ni ndugu wa damu, na mwanafunzi wa Kigali anayeona undugu huo huwa hausahau.

Lakini Mansuri si mshindi. Nimeona tafsiri hiyo mara nyingi mno, katika vijitabu vya majina vinavyouzwa milangoni mwa misikiti, katika kalenda, katika kadi za akika, na sasa katika karatasi ya ukutani ya mwalimu tuliyemfundisha sisi wenyewe. Kwa hiyo kosa hili ni letu pia, na ndiyo sababu nimeona niliandikie hapa, mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi.

Tuanze na umbo. Mzizi wa Kiarabu ni herufi tatu, nuni, swadi na rei. Kitenzi chake, nasara, maana yake ni kumsaidia mtu dhidi ya kinachomshambulia, kumtetea, kumwokoa, na kwa hiyo kumpa ushindi. Kiswahili kilikwisha kukichukua kitenzi hiki zamani, nacho ni kunusuru. Kutoka mzizi huo Waarabu wanapata nasir, yaani mwenye kunusuru, ambaye pwani yetu anaitwa Nasiri, Nassir, Nassor au Nasoro kutegemea mji na karani aliyeandika cheti. Babu wa mtunzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alikuwa nalo. Malenga wa Mombasa Ahmad Nassir, ambaye diwani yake Malenga wa Mvita ilitoka mwaka 1971, alikuwa nalo. Kutoka mzizi huohuo tuna Nasra, jina la binti, na Ansari, watu wa Madina waliompokea na kumtetea Mtume. Na tuna mansur, ambalo kwa Kiarabu ni umbo la mtendwa. Mansur hakumnusuru mtu. Yeye amenusuriwa. Kuna mwingine aliyetenda, na mwingine huyo yumo ndani ya neno ingawa hatajwi.

Wanafunzi wetu hawana sababu ya kuliogopa umbo hili, maana wanalitumia kila siku. Marehemu ni aliyerehemewa, au tunayemwombea arehemewe. Majeruhi ni aliyejeruhiwa. Mahabusu ni aliyefungwa. Maalumu ni kinachojulikana, na mashuhuri ni aliyetangazwa sifa zake. Hata maamuma, ambaye leo tunamtania kama mjinga asiyejua lolote, kwa asili ni yule anayeongozwa na imamu katika sala. Katika majina ya watu tuna Mahmudu, aliyesifiwa, Mahfudhi, aliyehifadhiwa, Marzuki, aliyeruzukiwa, Mabruki, aliyebarikiwa. Wote hawa wametendwa. Hakuna hata mmoja aliyejitendea. Sijapata kumwona mwalimu akitafsiri majeruhi kuwa "mpiganaji" kwa hoja kwamba aliumia vitani, lakini tunapofika kwa Mansuri mantiki hiyohiyo tunaiacha mlangoni.

Kwa nini? Nadhani chanzo ni wafalme. Jina hili lilipata umaarufu kama lakabu ya watawala waliokuwa washindi kweli. Khalifa wa pili wa Bani Abbasi, aliyetawala kuanzia mwaka 754 hadi 775 na kuujenga mji wa Baghdad mwaka 762, jina lake alilozaliwa nalo lilikuwa Abdallah. Al-Mansur alijiita katika enzi. Muhammad bin Abi Amir wa Andalus, aliyefariki mwaka 1002, naye alijipa lakabu hiyo, na Wahispania wakamwita Almanzor. Ahmad al-Mansur wa Moroko aliipata baada ya vita vya mwaka 1578, na mwaka 1591 jeshi lake liliiangusha dola ya Songhai. Mtu akiwatazama hawa watatu anaona panga na bendera, kisha anaandika katika kijitabu chake: Mansur, mshindi. Anachukua kilichowapata wenye jina na kukifanya maana ya jina. Lakini wenyewe walikuwa waangalifu zaidi kuliko mfasiri. Khalifa mmoja wa Fatimiyya, aliyetawala kuanzia mwaka 946 hadi 953, lakabu yake kamili ilikuwa al-Mansur Billah, yaani aliyenusuriwa na Mwenyezi Mungu. Mtenda ametajwa waziwazi. Ilikuwa ni siasa, sikatai. Mfalme anayesema kwamba Mungu ndiye aliyempa ushindi anawaambia wapinzani wake kwamba wanapigana na nani. Hata hivyo sarufi yake ilikuwa sahihi.

Na vijana wa leo wana wafalme wao. Sheikh Mansour wa Abu Dhabi aliinunua klabu ya Manchester City mwaka 2008, na vikombe vilivyofuata kila mvulana wa Kigali anaweza kuvihesabu. Cristiano Ronaldo alijiunga na Al-Nassr ya Riyadh mwishoni mwa mwaka 2022, klabu ambayo jina lake ni la mzizi huuhuu. Katika mazingira hayo kumwambia mtoto wa kiume kwamba Mansuri si mshindi ni kama kumnyang'anya jezi.

Wapo watakaonijibu kwamba nasr katika Kiarabu ni ushindi pia, na kwamba kamusi nyingi za lugha za Ulaya humwita mansur mwenye ushindi. Ni kweli, na mwenzangu mmoja aliniambia hivyo chumba cha walimu kabla sijamaliza chai. Sisemi kwamba ushindi haumo. Nasema ushindi huo umetolewa, na neno letu "mshindi" halina nafasi ya mtoaji. M-shind-i: kiambishi cha mtu, mzizi, na irabu ya mtenda. Yote yamekwisha. Ukitaka kumtafsiri Mansuri kwa Kiswahili safi huna haja ya kwenda mbali, kwa maana Kiswahili kina kitenzi kilekile na kauli ya kutendwa: aliyenusuriwa. Neno ni refu kidogo, halikai vizuri kwenye kadi, lakini ni la kweli.

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu jambo lililonisumbua Batsinda halikuwa adabu ya tafsiri peke yake. Kiswahili kina neno jingine la ukoo huu ambalo Mnyarwanda hukutana nalo mapema kuliko wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki. Neno hilo ni manusura. Kila Aprili, kuanzia tarehe 7, redio na magazeti ya Kiswahili huzungumzia manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Manusura amekaa katika safu moja na majeruhi na mahabusu: ni mtu aliyenusuriwa. Mansuri na manusura, kwa maneno mengine, ni neno moja lililoingia nyumbani kwetu kwa milango miwili, mmoja wa majina ya watoto, mwingine wa habari za msiba. Mwalimu anayemfundisha mtoto kwamba Mansuri ni mshindi anakata uzi huo bila kujua kwamba ameushika.

Nikiwa bado hapo, niseme neno kuhusu makosa ya manusura, maana nimesahihisha insha nyingi. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba ma- ni kiambishi cha wingi, kama katika macho na majani, na hivyo kuandika "manusura yamekutana". Hapana. Manusura amefika, manusura wamefika, kama marehemu na majeruhi. Kosa la pili ni kubaya zaidi, nalo ni kuandika "waathirika" au "wahanga" mahali pa manusura. Mwathirika ni yeyote aliyepatwa na athari, hata nyumba yake ikivuja. Na mhanga, kwa matumizi yetu ya kawaida, ni aliyetolewa au aliyejitoa na kufa. Ukimwita manusura mhanga umemzika. Wanafunzi wa Kinyarwanda hawangefanya kosa hilo katika lugha yao, ambapo aliyepona huitwa uwacitse ku icumu, aliyeuponyoka mkuki, au uwarokotse.

Hili la mwisho linastahili kutazamwa polepole. Kurokoka na kuokoka ni kitenzi kimoja. Kinyarwanda kina kurokora, kurokoka, kurokorwa. Kiswahili kina kuokoa, kuokoka, kuokolewa. Na kwa mkopo wa Kiarabu tukajenga safu ileile: kunusuru, kunusurika, kunusuriwa. Tofauti kati ya umbo la pili na la tatu ni ndogo kwa masikio lakini si ndogo kwa maana. Anayesema "nilinusurika" anaeleza hali: hatari ilikuwapo, naye yupo. Hatuulizi nani. Anayesema "nilinusuriwa" ameacha kiti wazi kwa mtu mwingine, na msikilizaji anayo haki ya kuuliza ni nani aliyekikalia. Katika ushahidi wa mwaka 1994 kiti hicho wakati mwingine kina mtu. Wapo Waislamu wa Kigali waliowaficha majirani zao, na filamu ya Alrick Brown iitwayo Kinyarwanda, iliyotoka mwaka 2011, imejengwa juu ya habari za namna hiyo. Wapo wengine, wa dini nyingine na wasio na dini, waliofanya hivyo. Na mara nyingi kiti hakina mtu, na hapo manusura mwenyewe huamua kama atasema "nilinusurika" au atamtaja Mungu. Sisi walimu tusimchagulie. Tumpe tu maumbo yote mawili yakiwa mazima.

Neno mansur katika Kurani lina mahali pake pa kuangaliwa pia, na wenzangu wasio Waislamu wanisamehe kwa kupita huko, kwa kuwa ni suala la matumizi ya neno. Limo katika Sura ya 17, aya ya 33. Aya hiyo inakataza kuua nafsi bila ya haki. Inampa mamlaka msimamizi wa aliyeuawa kwa dhuluma, kisha papo hapo inamwekea mpaka: asipindukie katika kuua, kwa sababu amekwisha kunusuriwa. Wafasiri wametofautiana kuhusu ni nani aliyenusuriwa hapo, yule msimamizi au yule aliyeuawa. Tafsiri zote mbili zinaingia. Isiyoingia ni "mshindi". Jaribu kuiweka neno hilo pale, na sababu ya kujizuia inageuka kuwa sababu ya kuendelea. Sidhani kama kuna nchi ambayo msomaji wa aya hiyo ana haja ya kuisoma kwa uangalifu kuliko hii.

Narudi darasani. Jina la Mansuri lina tatizo jingine Rwanda, ambalo ni letu sisi wa Kiswahili hasa. Kwa miaka mingi hapa neno umuswahili limetumika kumaanisha Mwislamu, na mara nyingine mtu mjanja wa mjini. Historia yake inaeleweka: Kigali ilianzishwa na Richard Kandt mwaka 1907, askari na wachuuzi kutoka pwani wakaja pamoja na utawala wa Kijerumani, wakakaa upande wa Biryogo na Nyamirambo, na msikiti wa al-Fat'h ukajengwa huko mwaka 1913. Dini, lugha na mtaa vikashikana. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, lakini bado mwanafunzi mwenye jina kama Mansuri au Hamisi anatazamwa darasani kana kwamba Kiswahili ni mali ya kwao, na mwenye jina la Mutsinzi kana kwamba amealikwa. Ndiyo maana nilifurahi kuona wawili hao wameandikwa pamoja kwenye karatasi moja, na ndiyo maana niliumia kuona wameunganishwa kwa maana isiyo ya mmoja wao.

Kwa sababu jozi ya kweli ilikuwapo, tena kwenye karatasi ileile, mistari minne chini. Kulikuwa na mtoto aitwaye Mutabazi. Umutabazi ni mwokoaji, anayekwenda kumsaidia mwingine katika hatari, kutoka gutabara. Katika masimulizi ya kale ya Rwanda ni hata yule anayejitoa kumwaga damu yake kwa ajili ya nchi, na mfalme Mibambwe Sekarongoro anakumbukwa kwa jina hilo. Huyo ndiye Nasiri. Nasiri na Mutabazi ni mtenda, Mansuri ni mtendwa wao. Mwalimu angewasimamisha wawili hao mbele ya darasa angekuwa na somo zima la kauli ya kutendwa, bila ubao na bila chaki.

Baada ya kipindi yule mtoto alinifuata nje. Alikuwa na wasiwasi, nadhani kwa sababu ya fomu niliyoshika. "Mwalimu," akasema, "nyogokuru haelezi hivyo." Nikamuuliza nyogokuru anaelezaje. Akasema bibi yake ndiye aliyempa jina, na kwamba mama yake, akiwa mtoto mdogo, alifichwa mwaka 1994 katika nyumba ya watu Biryogo. Bibi hajui Kiarabu wala hakusoma. Anapoulizwa jina la mjukuu wake lina maana gani, hujibu neno moja la Kinyarwanda: uwatabawe.

Wasomaji wetu wanaojua Kinyarwanda wamekwisha kuona. Kwa wengine nieleze: uwatabawe ni aliyeokolewa na aliyekuja kumsaidia. Ni gutabara katika kauli ya kutendwa, wakati uliopita, na kiambishi cha anayerejelewa. Ni mansur, herufi kwa herufi ya sarufi. Vijitabu vyetu vilivyochapishwa kwa rangi vilishindwa kufika hapo. Nilimuuliza mtoto kwa nini hakuliandika neno hilo ukutani. Akasema mwalimu alikwisha kusema mshindi.

Katika fomu nilimpa mwalimu wetu alama nzuri, na alizistahili: darasa lilizungumza Kiswahili dakika arobaini bila kuchoka. Kwenye nafasi ya maoni niliandika neno la nyogokuru, nikaongeza kando yake "aliyenusuriwa", na nikamwomba abadilishe mstari ule kwenye karatasi ya ukutani kabla ya tarehe 7 Aprili.